Joto, kipimo, cheti au karantini: ukaguzi upi wa afya uwanja wa ndege unamfaa msafiri wa likizo?

Mei 2021 simu yangu haikupumzika. Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za likizo, na karibu wote waliopiga waliuliza jambo moja: "Kaka, twende Zanzibar, Mombasa au Kigali? Wapi hawatusumbui uwanjani?" Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kwamba anayeingia aje na cheti cha PCR, yaani kipimo cha korona cha maabara, kisichozidi saa 72, na anayetoka nchi zilizokuwa zikitisha zaidi apimwe tena akitua. Kenya ilitaka cheti cha saa 96. Rwanda ilimpima kila mgeni palepale Kigali, kisha ikamwambia akasubiri majibu hotelini.

Nilikuwa nawajibu kwa kuhesabu saa za foleni na dola za vipimo. Penye foleni fupi na gharama ndogo, nenda huko. Sasa najua nilikuwa napima kisicho na uzito. Kuna familia moja, baba, mama na watoto wawili, niliyoipangia safari kwa hesabu hiyohiyo. Baba alikutwa na virusi walipotua. Hoteli waliyokwisha kuilipia haikumtaka, dereva aliyekuja kuwapokea aliogopa kumpakia, na hakuna mtu pale aliyeweza kuwaambia baba alale wapi, mama na watoto waende wapi, na bili ni ya nani. Walikaa kwenye viti vya chuma hadi usiku wa manane. Mtoto mdogo alikuwa na miaka 6.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha ukaguzi wa nchi mbili, nauliza mambo mawili kabla ya bei. Je, ukaguzi huo unaendana na tabia ya ugonjwa wenyewe? Na mtu akikutwa nao, nini kinafuata?

Maswali haya hayajapitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya kimataifa tena, lakini Agosti 2024 mpox (homa ya nyani) ikawa dharura, Septemba mwaka huohuo Rwanda ikatangaza Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, na Januari 2025 Tanzania ikaitangaza Marburg mkoani Kagera huku Uganda ikitangaza Ebola. Watu waliendelea kupanda ndege kwenda likizo katikati ya yote hayo.

Kipimajoto na fomu

Huu ndio ukaguzi tunaoujua wengi. Unapita mbele ya kamera, au ofisa anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, namba inasomeka, unaendelea na mizigo yako. Haukupotezei dakika mbili wala haukugharimu kitu. Kwa upande wa usumbufu hakuna unaoushinda.

Kwa korona, haukuwa na msaada wa maana. Tulikuwa na onyo tangu zamani: wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu uliosambaa mwaka 2003, Kanada ilikagua abiria wapatao milioni 6.5 wa viwanja vya ndege, ikawaweka pembeni kama 9,100 ili wachunguzwe zaidi, na hakupatikana hata mmoja mwenye SARS. Marekani nayo, kati ya Januari na Septemba 2020, ilikagua abiria zaidi ya 766,000 kwa joto na maswali. Waliogunduliwa kuwa na virusi vya korona walikuwa 9. Sababu inaeleweka kirahisi. Korona humwambukiza jirani kabla mwenyewe hajahisi chochote, wengine hawapati homa kabisa, na mwenye homa akimeza vidonge viwili vya paracetamol ndani ya ndege, kipimajoto kinamwona mzima.

Marburg na Ebola ni jambo jingine. Mgonjwa wa magonjwa haya haambukizi mpaka dalili zianze, na homa ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Hapo kipimajoto kina kazi, hasa kwenye uwanja wa kuondokea. Hata hivyo kinachobeba uzito ni fomu inayouliza umetoka wapi na utapatikana kwa namba ipi, kwa sababu magonjwa haya yanaweza kujificha mwilini hadi siku 21. Septemba 2014 abiria mmoja aliyekwisha kuambukizwa Ebola aliondoka Monrovia, Liberia, akiwa na joto la kawaida, akatua Dallas, Marekani, na dalili zikaanza siku chache baadaye. Katika ndege hakuambukiza mtu. Somo alilowaachia Wamarekani ni kwamba mlango wa uwanja hautoshi: mwezi uliofuata walianza kuwapa wasafiri kutoka nchi zenye Ebola vipimajoto vya kwenda navyo na namba ya kupiga, na maofisa wa afya wakawa wanawafuatilia kila siku hadi siku ya 21.

Kwa hiyo nikiona nchi inategemea joto na fomu, nauliza kwanza ugonjwa ni upi. Ukiwa Marburg, sioni sababu ya kuvunja safari kwa kuwa tu ukaguzi ni mwepesi. Ukiwa ugonjwa wa mapafu unaosambaa kimyakimya, wepesi ule ni ishara kwamba ulinzi wako uko mikononi mwako mwenyewe, na aliyekaa kiti cha pembeni hakuchujwa na mtu.

Na fomu yenyewe ijaze kwa ukweli. Tanzania ilikuwa na Afya Msafiri, iliyojazwa mtandaoni ndani ya saa 24 kabla ya kufika, ukapewa msimbo wa kuonyesha uwanjani. Nimewaona wageni wakiandika namba za simu za uongo ili wasisumbuliwe. Huyo amejikatia kamba mwenyewe: akikaa karibu na mgonjwa ndani ya ndege, hakuna atakayemfikia kumwambia.

Cheti cha kupimwa kabla ya safari

Kenya ilipofungua tena anga tarehe 1 Agosti 2020, ilitaka cheti cha PCR cha saa 96. Dubai, iliyoanza kupokea watalii Julai 7 mwaka huo, ilitaka vilevile saa 96. Rwanda kuna wakati ilikubali saa 120, na Tanzania ilipoingia katika utaratibu huu ikataka 72. Tofauti hizo za saa zilionekana kama ubishi wa makaratasi, lakini kila siku inayoongezwa ni siku ya kuagana na ndugu, kwenda sokoni, kupanda daladala. Kipimo kinasema ulivyokuwa siku ile ulipochomekwa kijiti puani. Hakisemi lolote kuhusu sherehe ya jana yake.

Pamoja na udhaifu huo, huu ndio ukaguzi ninaoupendelea kwa msafiri, kwa sababu moja. Ukikutwa na virusi, unakutwa nyumbani. Una kitanda chako, una daktari anayekujua, una mtu wa kukupikia uji. Likizo imeharibika, ndiyo, lakini haujakwama ugenini. Yule baba wa watoto wawili angepimwa siku mbili kabla, angelia na tiketi zake sebuleni kwake.

Usumbufu wake uko kwenye mfuko na kwenye uaminifu. Mara nyingi nchi uliyotoka nayo ilitaka cheti ukirudi, kwa hiyo gharama ilikuwa mara mbili, na siku moja ya likizo iliishia kutafuta maabara. Watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa Kenya na Tanzania, lakini wa miaka 6 alihesabiwa kama mtu mzima. Vyeti bandia navyo vilikuwa vingi kiasi kwamba Umoja wa Afrika pamoja na kituo chake cha kudhibiti magonjwa walianzisha mfumo wa Trusted Travel wa kuhakiki majibu, na Kenya ikaanza kuutumia mapema 2021. Kama nchi unayokwenda inahakiki, piga hesabu ya muda: maabara iliyo nje ya mfumo huo inaweza kukufanya ukwame na karatasi halali mkononi.

Kuna na siasa, ambayo msafiri haoni mpaka imguse. Agosti 2020 Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakutakiwa kuwekwa karantini. Tanzania ikajibu kwa kuzizuia ndege za Kenya Airways, na mambo yakakaa sawa Septemba. Waliokuwa na tiketi za wakati huo hawakukosa kipimo wala cheti. Walikosa ndege.

Kupimwa ukitua: haraka au PCR?

Hapa ndipo nchi zetu jirani zilipotofautiana zaidi, na ndipo pa kutulia.

Kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya nusu saa hivi. Tanzania ilikitumia kwa wasafiri waliotoka nchi zenye maambukizi mengi, kwa ada iliyokuwa kati ya dola 10 na 25 kutegemea wakati na mahali. Kwa mtalii kinavutia: unapimwa, unasubiri kidogo, unakwenda zako ufukweni. Lakini tathmini kubwa iliyojumlisha tafiti nyingi mwaka 2021 ilionyesha kwamba vipimo hivi huwabaini kama watu 7 kati ya 10 wenye korona na dalili, na chini ya 6 kati ya 10 wasio na dalili. Msafiri wa likizo kwa kawaida hana dalili; mwenye dalili amebaki kwao. Kwa maneno mengine, kipimo hiki ni dhaifu zaidi kwa watu haohao wanaosimama kwenye foleni yake.

Na foleni yenyewe. Ndege mbili zikitua pamoja, watu mia nne katika ukumbi mmoja, kila mmoja akivua barakoa kwa zamu ili achomekwe kijiti. Nimesimama kwenye ukumbi wa namna hiyo na mama mmoja mzee aliyekuwa anakuja kuona wajukuu. Aliniuliza, "Mwanangu, tukiwa tumekuja wazima, hapa si ndipo tutakapougulia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Rwanda ilichagua njia ndefu. Kila mgeni alipimwa PCR Kigali, dola 50 za kipimo na 10 za huduma, akapelekwa hoteli iliyoteuliwa, akasubiri majibu ndani ya saa 24. Wateja wangu walinung'unika: usiku mzima wa likizo ndani ya chumba! Nilinung'unika nao wakati ule. Leo nikiambiwa nichague kati ya dakika thelathini za kipimo dhaifu katika ukumbi uliojaa na usiku mmoja kitandani nikisubiri kipimo chenye nguvu, nachagua kitanda. Familia iko pamoja, kuna chakula, kuna choo, na akikutwa mmoja wao, tayari yuko mahali palipokubali kumpokea. Lile swali la "alale wapi" lilikuwa limejibiwa kabla ndege haijatua. Kwa safari ya siku nne, kupoteza usiku mmoja ni hasara kubwa, sikatai. Kwa ya siku kumi, ni bei nzuri.

Uganda ilianza mwishoni mwa Oktoba 2021 kumpima karibu kila anayetua Entebbe, kwa dola 30, awe amechanjwa au hajachanjwa. Familia ya watu wanne ni dola 120, juu ya vyeti walivyokwisha kulipia walikotoka. Utaratibu huo uliondolewa Februari 2022.

Kuhusu ada hizi kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui, na mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimechelewa. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, kifungu cha 40, zinasema msafiri asiyekuja kuomba ukaazi hatozwi fedha kwa uchunguzi wa kitabibu ambao nchi inautaka ili kujua hali ya afya yake, wala kwa kuwekwa karantini. Pale ambapo kutoza kunaruhusiwa, bei iwe moja kwa wote bila kuangalia uraia, isizidi gharama halisi, na itangazwe siku 10 kabla. Nchi nyingi, za hapa kwetu na za mbali, zilitoza hata hivyo. Kifungu hicho hakitakuondolea ada ukiwa mbele ya dirisha la malipo saa tisa usiku, lakini unapochagua pa kwenda, nchi inayotangaza bei mapema, moja kwa mwenyeji na mgeni, imekuonyesha namna itakavyokutendea katika mengine.

Cheti cha chanjo

Kadi ya njano tumeizoea. Ukichanjwa homa ya manjano, kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku 10, na tangu 11 Julai 2016 inatambulika maisha yote. Anayetoka Kenya kwenda Tanzania huulizwa kadi hii, na ni sawa, kwa kuwa chanjo ile inamkinga mtu asiubebe ugonjwa kwenda nao kwa wenzake. Kwa homa ya manjano hakuna ukaguzi mwingine unaoifikia kadi hiyo.

Cheti cha korona kilivaa joho la kadi ya njano bila kuwa na nguvu yake. Chanjo za korona ziliokoa maisha, nami nilichanja na kuwahimiza wazazi wangu. Zilizuia watu wasiugue sana na wasife. Hazikuzuia kwa kiwango hichohicho mtu asibebe virusi, hasa aina mpya ya virusi, omicron, ilipoingia. Hivyo cheti kile kilikuwa kinamlinda zaidi mwenye cheti kuliko mhudumu wa hoteli anayempokea. Machi 2022 Kenya na Tanzania ziliacha kuwadai PCR waliokamilisha chanjo, na kwa biashara ya likizo ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Sikulalamika. Lakini tusikichanganye kinachofungua mlango na kinachozuia ugonjwa.

Tena kuna suala la haki. Mwisho wa 2021 Afrika ilikuwa haijafikisha hata mtu mmoja kati ya kumi aliyekamilisha chanjo. Septemba mwaka huo Uingereza iliwatambua waliochanjwa Ulaya na Marekani, huku aliyechanjwa Nairobi kwa AstraZeneca, nyingine ikiwa ni ileile iliyotolewa na Uingereza yenyewe kama msaada, akihesabiwa kama hajachanjwa. Ukichagua nchi kwa sababu inapokea cheti cha chanjo, hakikisha inakipokea *chako*.

Karantini, na wazo la kisiwa

Mtalii anayekwenda kisiwa cha Changuu, mkabala wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hupiga picha na kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Wachache huuliza juu ya majengo. Gereza lilijengwa pale miaka ya 1890 lakini halikupata kuwa gereza. Kisiwa kikawa kituo cha karantini cha abiria wa meli. Yaani mahali pa likizo ya leo palikuwa pa kumzuia mgeni asitue mjini na maradhi.

Karantini ya siku 14 ndiyo ukaguzi wenye nguvu kuliko wote kwa korona, na ndiyo inayoua likizo kuliko yote. Mwenye wiki mbili za ruhusa kazini hana cha kufanya nayo. Walioitafutia njia ya kati ni wawili ninaowakumbuka kwa heshima. Aisilandi, kuanzia 19 Agosti 2020, ilimpa anayeingia uchaguzi: ujitenge siku 14, au upimwe ukitua, ujitenge siku 5 hivi, kisha upimwe tena. Kipimo cha pili ndicho chenye akili, kwa kuwa kinamkamata aliyeambukizwa siku moja kabla ya kupanda ndege. Thailand nayo, 1 Julai 2021, ilifungua Phuket kwa waliochanjwa: unapimwa ukitua, ukipata majibu mazuri unatembea kisiwani kwa uhuru, unapimwa tena mara mbili, na hutoki kwenda kwingine nchini mpaka siku 14 ziishe. Mtu anaogelea, anakula samaki, anatumia fedha yake, na bado yuko ndani ya uangalizi.

Nikiitazama Zanzibar, ambayo watalii wake walishuka kutoka zaidi ya 538,000 mwaka 2019 hadi kama 260,000 mwaka 2020, nadhani njia ya Phuket ingeifaa kuliko kipimo cha haraka uwanjani. Ina uwanja mmoja mkubwa wa kimataifa na bandari ya boti inayojulikana. Wageni wake wengi wanabaki Nungwi, Paje au Kiwengwa wiki nzima bila kuvuka kwenda bara. Dada anayefagia vyumba Paje anarudi jioni kwa watoto na bibi yao, na ni yeye anayelindwa na kipimo cha pili kuliko mgeni mwenyewe.

Sasa mtu akinipigia simu

Namuuliza kwanza ana siku ngapi na anarudi kwa nani. Kijana mwenye siku nne, asiyeishi na mzee wala mgonjwa, ugonjwa ukiwa kama korona: namwelekeza nchi inayotaka cheti cha kabla ya safari na haina zaidi. Familia yenye siku kumi: nchi inayopima ikitua na kuwalaza wakisubiri, hata kama ni ghali kidogo. Mwenye kurudi nyumbani kwa mama wa miaka 80, namshauri ajipime mwenyewe tena siku ya tano, nchi itake isitake, kabla ya kukanyaga kizingiti cha mama.

Halafu nawaandikia wenye hoteli, kwa maandishi na si kwa simu: mgeni akikutwa na virusi uwanjani mtampokea? Chumba kitakuwa kipi, kwa bei gani, na chakula kitamfikiaje? Familia yake italala hapohapo? Hoteli isiyojibu ndani ya siku mbili naiacha. Mwisho ni bima ya safari, na hapo nasoma kipengele kimoja tu kwa makini: kama inalipa usiku wa kujitenga, au inalipa matibabu peke yake. Nyingi nilizozisoma wakati ule zililipa matibabu peke yake, na yule baba hakuwa anaumwa hata kidogo.